Kiti kimoja, abiria wawili: kufuli la Redis linaniponyoka

Kiboriloni: Wakuu, habari za jioni. Nina mfumo wa tiketi za basi, Moshi–Dar. Seva mbili, Redis moja (hifadhi ya data ya kasi inayotumiwa na seva zote mbili). Kiti kinafungwa kwa kufuli la sekunde 30 (alama ndani ya Redis ili mwingine asikiuze), mauzo yakiisha nalifuta kwa DEL. Wiki hii viti vitatu vimeuzwa mara mbili. Nakosea wapi?

UsaRiver: Weka Redis tano zinazojitegemea. Kufuli lihesabiwe limepatikana likishikwa kwenye tatu.

Njiro: Tano za nini, mkuu? Kiboriloni, ndani ya kufuli kuna thamani gani? Na kati ya kufunga na kufungua kinafanyika nini?

Kiboriloni: Thamani ni 1. Katikati ni kazi ya kawaida tu.

Njiro: Ya sekunde ngapi?

Kiboriloni: Nasubiri abiria aweke namba ya siri ya malipo kwenye simu. Wengine hupitisha dakika. Ila jana nimepandisha kufuli hadi dakika 10 na bosi ameridhika, sipendi kugusa tena.

Soweto: Nauli ya mtu ni amana, ndugu. Bosi kuridhika hakumpi abiria kiti.

UsaRiver: Mimi naona hili ni swali la usaili limevalishwa basi. Hifadhidata ingemkataa wa pili.

Kiboriloni: Si usaili, kaka. Jedwali halina kizuizi cha upekee. Logi hii:
10:02:00 A anafunga
10:02:30 muda umeisha
10:02:34 B anafunga
10:02:51 A amelipa, DEL
10:02:53 C anafunga
10:03:01 B amelipa

UsaRiver: Niwie radhi.

Njiro: Tazama 10:02:51. A amefuta kufuli la B, ndiyo maana C ameingia. Dakika 10 haziponyi hilo, na seva ikizimika ghafla kiti kinakaa kimefungwa bure.
Funga hivi: `SET kufuli:safari:kiti <tokeni> NX PX 5000`, tokeni ni neno la nasibu, jipya kila mara; NX ni "kama halipo tu", PX 5000 ni muda wa milisekunde 5000. Kufungua, tumia skripti ya Lua (programu fupi inayoendeshwa ndani ya Redis kwa mkupuo mmoja) inayofuta pale tu tokeni inapolingana. GET kisha DEL kando kando huacha mwanya.
Malipo yasisubiriwe ndani ya kufuli. Andika mstari wenye hali "inasubiri", tokeni hiyo na saa ya mwisho, kisha fungua. Jibu la malipo likija, UPDATE kwa sharti la hali na tokeni. Ikigusa mistari 0, rudisha nauli.
Juu ya yote, weka kizuizi cha upekee, UNIQUE, kwenye (safari, tarehe, kiti). Hiyo ndiyo inayolinda kiti. Kufuli linapunguza msongamano tu.

Kiboriloni: PostgreSQL, hifadhidata yangu, inaikataa hiyo UNIQUE.

UsaRiver: Kwa sababu marudio yamo tayari. Yatafute kwa GROUP BY safari, tarehe, kiti HAVING COUNT(*) > 1, wapigie abiria kabla basi halijaondoka, ondoa marudio, ndipo uiweke.