Wenye mashamba, ng'oeni visiki kabla ya kuita trakta!

Jambo yenu, wakubwa. Leo sitazunguka. Nimefika nyumbani usiku, nguo zote matope. Trakta nimeiacha njia ya Kasenga, huku kwetu Katanga, imesimama juu ya jeki na magogo mawili, tairi la nyuma limechanwa ubavuni utadhani mtu kalipiga panga. Na mwenye shamba ananiambia mimi dereva, "Hayo ni mambo yako, shofa. Mimi nilikuita kulima." Hata ile hekta na nusu niliyokwisha kulima amekataa kuilipa!

Kabla sijaingia nilimuuliza: Papa, humu visiki viko? Akaapa kwamba shamba ni safi, linalimwa tangu zamani. Kumbe sehemu ya nyuma wachoma makala (makaa) walipita msimu uliopita. Mnajua wanavyokata: mti unaanguka, mguu unabaki chini ya goti, umechongoka kwa shoka. Mvua ya kwanza ikinyesha kisiki kinachipua, majani yanakifunika, na wewe juu ya trakta unaona kichaka tu. Na miti yetu ya porini haiozi upesi. Kisiki kinakungoja miaka.

Watu wanafikiri tairi kubwa vile haliwezi kutoboka. Sikilizeni. Unene uko kwenye meno, pale linapokanyaga. Ubavuni ni mpira mwembamba na tabaka za nyuzi. Msumari ukiingia kwenye meno, kwado, fundi wa tairi, anaziba na kazi inaendelea. Kisiki kikichana ubavu urefu wa kiganja, nyuzi zimekatika. Utatia kiraka kikubwa kwa ndani, utalima siku chache, halafu pale panavimba kama jipu mpaka panapasuka. Tairi jipya la nyuma linameza malipo ya hekta nyingi, na mimi na ndugu zangu wawili bado tunalipa deni la trakta yenyewe.

Tena msiniambie habari ya dawa ya kumimina ndani. Muuzaji mmoja wa mjini alinihakikishia kwamba nikiitia nitasahau kutobokewa. Niliitia. Kwa miiba na misumari inasaidia kweli: inazunguka ndani na kuziba tundu dogo la milimita chache kwenye meno. Kwa ubavu uliochanika ni pesa iliyomwagika chini. Maji je? Wengi wetu tunajaza maji robo tatu ya tairi ili trakta iwe nzito na isiteleze. Ni kwa uzito tu, hayazuii tundu. Kuna pia ile povu inayoganda ndani mpaka tairi haina upepo kabisa, inafaa mashine za karieri (machimbo ya mawe) zinazoshinda juu ya mawe makali. Lakini ni nzito, ni ghali, inapeleka mitikisiko yote kwenye ekseli, na meno yakiisha unakata kila kitu kutoka kwenye rimu. Mimi sina karieri, nalima mahindi.

Upande wetu mashofa pia kuna uzembe unaoniudhi. Kupima upepo kwa kupiga teke! Nunua kipimo, pima asubuhi tairi likiwa bado baridi. Shambani, tairi la nyuma mara nyingi linataka upepo wa kama bar 1 hivi kwenye kipimo, kufuatana na uzito unaobeba. Za mbele zinataka zaidi, soma kitabu cha mashine. Upepo ukipungua sana, ubavu unatanuka nje na kujipeleka wenyewe kwenye kisiki, na rimu inaweza kuzunguka ndani ya tairi hadi ing'oe valvu ya mpira wa ndani. Ukizidi, tairi linakaza kama ngoma, jiwe moja linalipasua.

Na makwado, tafadhali! Mwezi uliopita mmoja alinizibia mpira wa ndani vizuri kabisa, akaurudisha bila kupitisha mkono ndani ya tairi. Mwiba ulikuwa bado umechomoza palepale. Kesho yake chini tena, tundu jipya pembeni ya kiraka. Pitisha mkono polepole na kitambaa, ng'oa mwiba, piga brashi kutu ya rimu, paka poda. Ni dakika kumi tu.

Lakini kisiki kinabaki cha mwenye shamba. Novemba inakimbia, mahindi yakichelewa kupandwa mvua inayaacha njiani, halafu wote tunalia bei ya unga wa bukari (ugali). Kwa hiyo kuanzia sasa siingii shamba lolote bila kulizunguka kwa miguu pamoja na mwenyewe. Kisiki kisichong'oka, tunasimika kijiti kirefu chenye kitambaa chekundu. Tunaandika karatasi, tunatia sahihi wawili: kisiki kisicho na alama kikichana tairi, analipa yeye. Asiyetaka achukue jembe.

Mashofa wengine wa Kipushi na Likasi, nanyi mnafanyaje na wateja wa namna hii? Na aliye na tairi la nyuma la saizi 18.4-30 lililotumika, ubavu mzima, aniandikie hapa leo. Trakta iko porini na mlinzi wa kumlipa kila usiku.