Presha ya bomba kuu ikishuka, tangi langu linapungua lenyewe

bustani_nyuma: Habari wadau. Nina tangi juu ya paa. Bomba kuu linajaza tangi, na bomba hilohilo linapeleka maji jikoni na bafuni. Presha ikishuka, tangi linapungua hata koki zote zikiwa zimefungwa, na nimeiona mita ikizunguka kinyume. Hakuna panapovuja. Safari hii maji yalikatika mpira wa bustani ukiwa umezama kwenye ndoo ya mbolea, na yaliporudi koki ya bafuni ikatoa maji yenye rangi. Fundi anasema valvu moja ya kuzuia maji kurudi, ikifungwa pale kwenye tangi, itamaliza yote. Ni kweli?

mzee_wa_spana: Kabla ya valvu, fungulia koki zote maji yatiririke vya kutosha, na msiyanywe kwanza. Hiyo ni mbolea.

Halafu nijibu: presha ikiwa kali, tangi linafurika hata boya, lile linalofunga maji tangi likijaa, likiwa limefunga?

bustani_nyuma: Linafurika! Nimeshabadilisha boya bure tu.

mzee_wa_spana: Basi boya halina kosa. Bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi limeunganishwa na bomba kuu bila kizuizi. Presha ikipanda, maji yanapanda kwa njia ya kutokea na kulipita boya. Ikishuka, tangi linarudisha maji barabarani, ndiyo maana mita inageuka.

Unahitaji valvu mbili. Ya kwanza weka baada ya mita, kabla bomba halijagawanyika. Ya pili kwenye bomba linalotoka kwenye tangi, kabla halijakutana na bomba kuu. Fundi wako akifunga ya pili peke yake, utakuwa umetibu kufurika na tangi litaendelea kumwagikia nje... hapana, ngoja niseme vizuri: valvu ya tangi inaruhusu maji kushuka, na yakishashuka hakuna kinachoyazuia kwenda kwenye mita.

Hiyo ya tangi usinunue ya springi. Mita 10 za kimo ni kama baa 1, kwa hiyo tangi lililo mita 2 juu ya koki lina baa 0.2 tu, na springi inakula sehemu ya hiyo. Chukua ya kilango kinachoning'inia, uilaze kwenye kipande cha bomba kilicho mlalo. Ukiisimamisha maji yakishuka, kilango kitabaki wazi. Mshale ufuate maji.

koki_mbovu: Na mpira kwenye ndoo? Valvu ya mita si inatosha?

mzee_wa_spana: Haitoshi. Inazuia mbolea isifike kwa jirani, mradi chembe ya mchanga haijakwama kwenye kilango. Ndani ya nyumba yako, maji yakikatika na mtu akafungua koki iliyo chini kuliko ndoo, mpira unanyonya vilevile. Koki ya bustani ifungiwe kifaa chake kinachoingiza hewa mvuto unapoanza. Ila kinga ninayoiamini kuliko zote haina kipuri: mdomo wa mpira uwe juu ya ukingo wa ndoo, angalau mara mbili ya kipenyo chake, na usipungue milimita 25. Hewa hainyonyi mbolea.

hita_juu: Msidharau. Chicago mwaka 1933, hotelini, mabomba ya maji safi na machafu yaliingiliana, na watu 98 wakafa kwa kuhara damu kwa amiba.

Swali langu: nina hita ya tangi. Valvu ya mita haitaniletea shida?

mzee_wa_spana: Itakuletea, na wengi hawaulizi. Maji yakipashwa yanatanuka. Zamani yalisukumwa kurudi bomba kuu, sasa njia imefungwa. Utaona valvu ya usalama ya hita ikidondosha kila inapowaka. Funga chupa ya kupokea mtanuko kwenye bomba la baridi linaloingia kwenye hita. Na hiyo valvu ya usalama asiizibe mtu kwa sababu inadondosha.

bustani_nyuma: Bomba langu la tangi limesimama wima mpaka ukutani. Mlalo upo karibu na koki ya jikoni tu, baada ya kuungana.

mzee_wa_spana: Hapo hapafai. Kata juu darini, ongeza viwiko viwili upate mlalo mfupi, na uache yunioni (kiungio kinachofunguka) pande zote mbili za valvu ili uweze kuifungua na kuisafisha.