Akaunti ya duka imefungwa na "mfumo", wanataka NIDA na namba za wateja wangu. Nitume?

Binti Chikongola
Wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu.

Nipo Mtwara mjini, nauza korosho zilizobanguliwa kupitia soko moja la mtandaoni (jina naliacha). Wateja wengi wapo Dar, wachache nje ya nchi. Biashara hii ni ya msimu: masika nakaa hata wiki bila oda, korosho mpya zikianza kutoka simu haitulii. Sasa majuzi oda zimeingia kwa fujo, baadhi zimelipiwa kwa kadi za nje, na mimi nilikuwa nimetoka kubadilisha simu. Asubuhi naamka nakuta akaunti imesitishwa, "viashiria vya ulaghai". Hela imeshikiliwa humo humo na mzigo ulishapanda basi.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa watu, mpole kweli, anasema hata yeye haoni sababu, mfumo ndio umeamua. Baadaye ikaingia WhatsApp: nitume picha ya kitambulisho cha NIDA, picha yangu nikiwa nimekishika, pamoja na majina na namba za wateja wote walionunua.

Kitambulisho sina neno. Namba za watu ndizo zinanikwaza. Kuna mama mmoja wa Kariakoo alinipa namba yake nimpelekee korosho, hakunipa niigawe. Mwenye uelewa anisaidie.

Fundi Takwimu
Pole dada. Mfumo haukujui wewe, unaujua mwenendo wako. Simu mpya ni alama, mauzo kupanda ghafla ni alama, kadi ya nchi nyingine ni alama. Alama zikijumlishwa zikavuka kiwango walichokiweka, akaunti inajifunga hata kabla binadamu hajaiangalia. Na hofu yao ina msingi: kadi ikiwa ya wizi, mwenyewe analalamika benki, hela inarudishwa, hasara inabaki kwa muuzaji au kwa soko.

Tatizo ni kwamba mifumo hii hujifunza kwa mauzo ya watu wanaouza viatu na chaja mwaka mzima. Msimu wa korosho haiujui. Kwake, mtu aliyelala miezi kadhaa akaamka na oda lundo anafanana na akaunti iliyodukuliwa. Waeleze hilo kwa maandishi, na uambatanishe risiti za basi na mauzo ya msimu uliopita. Ila usitegemee wakuorodheshee alama zao zote. Hapo nawaelewa, mwizi haonyeshwi dirisha lisilo na komeo.

Mwanasheria wa Kusini
Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kifungu cha 36 kinahusu uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Uamuzi wa namna hiyo ukikuathiri, unaweza kudai uangaliwe upya. Kuna mianya, mfano pale uamuzi unapohitajika kutekeleza mkataba, na watakuambia ulikubali masharti ulipojisajili. Dai hivyo hivyo. Kifungu cha 33 kinakupa haki ya kujua taarifa zako wanazozichakata. Wakikuzungusha, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuhusu wateja: sheria inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika kwa lengo husika, zisizidi. Halafu jiulize, oda zote zimepitia kwao. Namba wanazo. Wanaziomba kwako za nini?

Mzee wa Mikindani
Wakili, sheria tamu sana kwenye karatasi. Mpaka barua ijibiwe, korosho zitakuwa zimeota ukungu.

Mwanasheria wa Kusini
Mzee wangu, shikamoo. Sikatai inachelewa. Lakini anayelalamika kwa simu tu hana cha kuonyesha mbele ya Tume.

Mkombozi wa Akaunti
Dada njoo inbox, nafungua leo leo kwa elfu 30. Andaa neno la siri na ile namba ya uthibitisho itakayoingia kwenye simu.

Fundi Takwimu
Wasimamizi, mgeni wenu huyu hapa. Binti, usimjibu. Akikutafuta kwa simu, namba yake iripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Na hiyo WhatsApp uliyoitaja, uliikuta ndani ya programu yao au ilikutafuta yenyewe?

Binti Chikongola
Ilinitafuta yenyewe, kaka. Nimeingia kwenye programu sasa hivi, kuna sehemu ya uhakiki: wanaomba kitambulisho na picha ya uso basi. Orodha ya wateja haipo kabisa! Mwili umenisisimka. Nimepakia humo humo, juu ya picha ya kitambulisho nimeandika "kwa uhakiki wa akaunti tu" na tarehe. Barua pepe ya kifungu cha 36 nimetuma, wakili asante sana. Ile namba nimeizuia.

Mzee wa Mikindani
Haya, hapo umenifurahisha. Mzigo umefika?

Binti Chikongola
Umefika Dar, wameshaanza kuchukua.

Fundi Takwimu
Waombe kila anayepokea abonyeze "nimepokea" ndani ya programu, leo hii. Atakayepitia faili lako ataanzia hapo.