Familia ya Kihonda: Mwanaidi aombe chuo gani?

Mama Mwanaidi: Assalaam alaykum ndugu zangu. Matokeo ya Mwanaidi ya kidato cha sita mmeshayaona, divisheni ya kwanza pointi 7, alhamdulillah. Historia C, Jiografia B, Kiingereza B. Anataka sheria, na hilo nimeshachoka kubishana naye. Dirisha la maombi limefunguliwa, baba yake anasema tuwaulize waliotangulia. Chuo cha dini au cha serikali?

Mjomba Athumani: Waalaykum salaam. Hongera mpwa wangu, umetutoa kimasomaso. Swali jepesi hilo dada. MUM, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, iko hapo Msamvu, bajaji moja kutoka nyumbani. Sheria ipo, tena inafundishwa pamoja na sharia. Mtoto wa kike asome karibu na kwao, avae stara, asali kwa wakati. Dar anafuata nini?

Jumaa: Mjomba shikamoo. Mzumbe nayo iko hapa hapa Moro 😅

Mjomba Athumani: Marahaba. Mzumbe ni njia ya Iringa huko, siyo hapa hapa.

Jumaa: Wilaya tofauti, mkoa mmoja mjomba.

Mjomba Athumani: Wewe umesoma Dodoma kwenye chuo kikubwa kama mji, swala ya alfajiri umeijulia wapi?

Jumaa: 🙈

Shangazi Rehema: Mwacheni Jumaa. Wifi, hongera sana, mwambie Mwanaidi nampigia kesho. Mimi naomba niitaje na SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza.

Mjomba Athumani: Shemeji Rehema, SAUT si ya Wakatoliki?

Shangazi Rehema: Ya maaskofu kabisa. Na mimi nimesomea uandishi wa habari pale, mnajua wote.

Mjomba Athumani: Najua. Ndiyo maana nauliza.

Shangazi Rehema: Basi nikujibu shemeji, maana hukuwahi kuniuliza. Pale Nyegezi palianza kama kituo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, chuo kikuu kikaja 1998. Uandishi wa habari umefundishwa pale tangu enzi za baba zetu, ndicho kilichonipeleka. Sikwenda kubatizwa. Nilivaa mtandio wangu mpaka namaliza. Ramadhani ya kwanza tulipanga chumba Malimbe, mwenzangu Msukuma wa Sengerema, Mkatoliki wa kwaya. Alikuwa anakesha anasoma, ikifika saa tisa usiku ananigonga begani: "Rehema, daku." Na uji ameshauweka jikoni, lile jiko la mafuta ya taa linalotoa moshi kuliko moto. Tulikuwa na padri anatufundisha falsafa. Sikukuu ya Idi iliangukia siku ya testi yake, akaihamisha kabla hatujamwomba.

Shangazi Rehema: Nguo fupi na za kubana wanakurudisha getini, sikatai. Lakini wanamrudisha Maria, wanamrudisha na Mariamu.

Mjomba Athumani: Hiyo ni bahati yako.

Shangazi Rehema: Inawezekana. Ila nina rafiki alisoma chuo fulani cha serikali, sikitaji, testi zao za Ijumaa zilikuwa saa saba mchana. Wavulana wanachagua, Ijumaa au alama. Kwa hiyo kuwa cha serikali peke yake hakukuhakikishii swala yako.

Jumaa: Hiyo kweli inatokea. Mara nyingi ni mhadhiri tu hajafikiri. Jumuiya ya Waislamu ikienda kumwona inahamishwa. Vyuo vya serikali Waislamu wana TAMSYA yao, Wakatoliki wana TMCS, walokole wana CASFETA, yaani dini imejaa mpaka kwenye mbao za matangazo. Wanaosema chuo cha serikali hakina dini hawajalala hosteli jirani na mkesha wa Ijumaa.

Mama Mwanaidi: 😂😂

Mjomba Athumani: Mnacheka, mimi naongelea hosteli. Huko Dar mabinti wanalala vipi?

Ba'mdogo Salum: Jioni njema wote. Nilikuwa mahakamani Kibaha, nimesoma yote sasa. Shemeji Mama Mwanaidi, hongera. Kaka Athumani, hosteli za UDSM, Chuo Kikuu cha Dar, mwaka wa kwanza wanajitahidi kuwapa kipaumbele, na tangu zile hosteli za Magufuli zifunguliwe 2017, za watu 3,840, msongamano umepungua kidogo. Kubebana wawili kitanda kimoja bado kupo. Ila hosteli ni la pili. La kwanza ni hela, na sijaona mtu ameitaja hapa.

Mama Mwanaidi: Ndiyo nilikuwa nasubiri ufike shemeji.

Ba'mdogo Salum: Bodi ya Mikopo haiangalii kama getini kuna msalaba au mwezi. Mwanafunzi wa MUM anaomba, wa SAUT anaomba, wa UDSM anaomba. Wanaangalia uhitaji na kozi. Sheria siyo kozi ya kundi la kwanza kama udaktari au ualimu wa sayansi, kwa hiyo usije ukashangaa akapewa bumu, yaani hela ya kula na kulala, na ada akapewa nusu, au asipewe kabisa. Sasa vyuo vyote vya dini ni vyuo binafsi. Hawana ruzuku ya serikali ya kulipa mishahara, ada ndiyo inaendesha chuo. Bodi ikikupangia kiasi fulani cha ada na chuo kinatoza zaidi, kilichobaki ni chenu. Na siyo mara moja, ni kila mwaka mpaka amalize.

Mama Mwanaidi: Baba yake hapa ameketi kimya ghafla.

Ba'mdogo Salum: Ndiyo maana nasema mapema. Chukueni muundo wa ada wa kila chuo, ule wenye ada ya mitihani, kitambulisho, bima, mahafali, vitu vidogo vidogo vyote. Ada peke yake inadanganya.

Jumaa: Vidogo vidogo ndivyo vinaua. Bumu elfu kumi kwa siku, ukitoa nauli na kutoa kopi za desa, yaani notisi za masomo, umebaki na chips kavu.

Mjomba Athumani: Na hiyo mikopo mimi sina raha nayo tangu zamani. Ni riba.

Ba'mdogo Salum: Kaka, ile asilimia 6 waliyokuwa wanaongeza kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha ilifutwa 2021. Mama Samia aliitangaza Mei Mosi, Mwanza. Mimi mwenyewe deni langu lilikuwa linapanda huku nakatwa, baada ya pale ndipo nikaona linashuka. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi ukiajiriwa.

Mjomba Athumani: Hilo la kufutwa sikuwa nalo. Nitamuuliza ustaadhi wetu Ijumaa.

Shangazi Rehema: Muulize mapema, dirisha la Bodi halimsubiri ustaadhi.

Mjomba Athumani: 😄 Haya shemeji.

Jumaa: Bibi ametuma sauti, ngoja niandike maana najua wengine hampo na bando. Anasema: "Msimcheke Athumani. Mimi kaka yangu mkubwa alikuwa na akili kuliko wote nyumbani. Shule iliyokuwepo karibu ilikuwa ya misheni. Wakamwambia abadili jina. Baba akamtoa, akaenda kulima mpunga mpaka amekufa. Wa rika lake waliokubali jina wakawa makarani. Ndiyo maana wazee wanauliza hivyo vyuo ni vya nani. Baadaye serikali ikazichukua zile shule, watoto wangu wakasoma bila kuulizwa dini."

Mama Mwanaidi: Mama hajawahi kunisimulia hilo.

Ba'mdogo Salum: Hata mimi nilijua nusu. Zilitaifishwa baada ya sheria ya elimu ya 1969.

Mjomba Athumani: Mama asante. Na ndiyo hiyo MUM ilikotokea. Waislamu walilalamika miaka kwamba wako nyuma kielimu, mpaka serikali ya Mkapa ikatoa majengo ya kile chuo cha TANESCO pale Msamvu, 2004. Mkatoliki aliyewapa Waislamu chuo. Mimi nilikuwepo watu wanaanza kudahiliwa, kulikuwa na wazee wanalia. Kwa hiyo nikisema MUM siyo kwamba namfungia mtoto.

Shangazi Rehema: Shemeji hapo nimekuelewa. Samahani kama nilikuwa mkali.

Jumaa: Bibi ametuma nyingine fupi: "Lakini Rehema alikwenda kwa mapadri akarudi anasali kuliko nyinyi nyote."

Shangazi Rehema: 😂😂😂 Mama jamani

Ba'mdogo Salum: Nirudi kwenye sheria, maana kazi hii ndiyo inanilisha. Mwanaidi anasoma hapa?

Mwanaidi: Nipo ba'mdogo. Shikamooni wote.

Ba'mdogo Salum: Marahaba mwanangu. Sikiliza. Utoke UDSM, utoke Mzumbe, MUM, SAUT, Makumira, ukitaka kuwa wakili wote mnakutana mlango mmoja, Law School pale Dar, shule ya mafunzo ya uwakili. Ule mlango hauna huruma. Mwaka 2022 waliokaa mtihani walikuwa 633, waliopita moja kwa moja 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Mwakyembe, waziri wa zamani, kuchunguza. Kwa hiyo mimi nikichagua chuo naangalia nani atakufikisha pale ukiwa unajua kuandika hoja kwa Kiingereza kilichonyooka na kusoma hukumu ndefu bila kulala. Wapo niliokaa nao darasani pale waliotoka vyuo vya dini wakanipita mbali, na wapo wa UDSM waliorudia mpaka wakakata tamaa.

Mwanaidi: Sasa nitajuaje chuo kipi kinafundisha vizuri?

Ba'mdogo Salum: Nenda ukaone. MUM na Mzumbe ziko kwenu, huna kisingizio. Ingia maktaba uliza ripoti za kesi zinaishia mwaka gani. Uliza wanafunzi wa mwaka wa tatu, siyo ofisi ya udahili: walimu wangapi ni wa kudumu, na wangapi wanakuja Jumamosi na basi, wanafundisha saa sita mfululizo na kuondoka? Mashindano ya mahakama ya mfano wanashiriki? Testi zinarudishwa zimesahihishwa au mnaona alama tu ukutani?

Jumaa: Hilo la walimu wa basi liandikwe kwa wino mwekundu.

Mjomba Athumani: Hilo lipo vyuo vyote lakini.

Ba'mdogo Salum: Lipo kaka, ndiyo maana nasema aulize vyote. Na nikupe haki yako: upande wa sharia una hoja. Mahakama za Mwanzo zinasikiliza mirathi ya Kiislamu kila wiki. Mimi somo la mirathi nililisoma juu juu. Mteja wangu wa kwanza mjane wa Chalinze, watoto wa kike watatu, na mashemeji wakali, nilihangaika na mafungu usiku kucha mpaka nikampigia kijana aliyesoma MUM. Alinikokotolea kwa simu akiwa kwenye daladala, thumni (moja ya nane) ya mke kwanza, theluthi mbili za mabinti, kilichobaki kwa kaka wa marehemu.

Mjomba Athumani: Allahu akbar. Sema tena.

Ba'mdogo Salum: Nimeshasema, usinizidishie 😄. Ila asidhani atakuwa kadhi. Mahakama za Kadhi zenye nguvu ya sheria ziko Zanzibar, bara hazipo. Akitaka njia hiyo kabisa, Zanzibar University kule Tunguu nayo inafundisha sheria na sharia.

Mama Mwanaidi: Tunguu tena? Mimi bahari naiogopa.

Shangazi Rehema: Anayesoma ni Mwanaidi wifi, siyo wewe. Mwanangu, wewe unasemaje? Wote tumeongea isipokuwa wewe.

Mwanaidi: Naweza kusema ukweli?

Shangazi Rehema: Sema.

Mwanaidi: Tangu jioni mnaongea nitavaa nini na nitalala wapi. Ba'mdogo peke yake ndiyo ameongelea nitasoma nini. Mimi nataka UDSM kwanza. Siyo kwa sababu hakuna dini, hijabu naivaa bila kulazimishwa na chuo. Ni kwa sababu kitivo cha sheria ndicho ambacho chuo kilianza nacho, pale mtaa wa Lumumba 1961, na nataka kubishana na watu wasionijua. Hapa Moro kila mtu ananijua, hata dereva wa bajaji ananiuliza matokeo.

Jumaa: 🔥

Mwanaidi: Lakini sijakataa MUM. Mjomba aliponiambia mirathi sikumwelewa, leo nimeelewa. Nataka niombe vitatu: UDSM, Mzumbe, MUM. Nikichaguliwa zaidi ya kimoja nathibitisha kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye simu. Wakati huo tutakuwa tumeona na mkopo.

Mwanaidi: SAUT nilitamani kwa ajili ya shangazi, ila Mwanza nauli peke yake baba atazimia.

Shangazi Rehema: Sijanuna. Nimenuna kidogo.

Ba'mdogo Salum: Mpango mzuri. Na usichanganyikiwe ukikosa UDSM, pointi 7 ni nzuri lakini sheria pale wanaomba wenye 4 na 5, na pointi chache ndiyo bora.

Mjomba Athumani: Mpwa wangu umeongea kama mtu mzima. Elfu kumi ya fomu ya MUM natuma mimi sasa hivi. Ila twende wote kuiona Jumatatu, mimi nitakaa nje kwenye mti.

Mwanaidi: Ukae nje kweli mjomba, usimuulize mhadhiri anaswali wapi.

Mjomba Athumani: 😂 Nitajitahidi.

Mama Mwanaidi: Asanteni sana. Baba yake anasema elfu kumi ya Mzumbe na ya UDSM zipo, na ile elfu 30 ya Bodi anaitafuta.

Ba'mdogo Salum: Shemeji kabla ya Bodi: cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo?

Mama Mwanaidi: Kipo kabatini.

Ba'mdogo Salum: Kabatini siyo RITA. Na jina limeandikwaje?

Mama Mwanaidi: Ngoja nikitoe.

Mama Mwanaidi: Cheti cha kuzaliwa kinasema "Mwanahidi". Cha kidato cha nne "Mwanaidi".

Jumaa: Eeh mama weee

Ba'mdogo Salum: Jumatatu MUM isubiri. Mjomba ukakae kwenye mti wa RITA kwanza. Nendeni asubuhi na cheti halisi, cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA cha baba. Hati ya kiapo nitaiandaa mimi leo usiku, nitumieni picha za vyeti, zisiwe na kivuli cha kidole.