Mteja anataka kioo pande zote nne: mbunifu majengo afanye nini, na taaluma yetu ina wajibu gani kuhusu tabianchi?

Mbunifu Chipukizi (Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za kazi kwa nyote.

Mimi ni mbunifu majengo niliyesajiliwa si muda mrefu uliopita, na ninafanya kazi katika ofisi ndogo jijini Dar es Salaam. Tumepata kazi ya kubuni jengo la ofisi la ghorofa 10 kando ya Barabara ya Bagamoyo, katika kiwanja chembamba ambacho upande wake mrefu unatazama magharibi. Mteja ametuletea picha za majengo ya Dubai na anataka kioo kuanzia chini hadi juu kwa pande zote nne, viyoyozi katika kila chumba na jenereta kubwa nyuma ya jengo. Nilipomweleza kwamba ofisi za upande wa magharibi hazitakalika wakati wa alasiri, alinijibu kwa upole kwamba mpangaji mwenye fedha hapangi jengo lisilong'aa. Mkuu wangu wa kazi anaikubali hoja yangu, lakini anasema tukishikilia msimamo, kazi itahamia ofisi nyingine kabla ya mwisho wa mwezi.

Nina maswali mawili. La kwanza ni namna ya kuzungumza na mteja wa aina hii akasikia. La pili ni pana zaidi. Kwa hesabu za Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, majengo na ujenzi vinachangia zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa inayotokana na matumizi ya nishati na uzalishaji viwandani duniani. Mwaka 2019 ofisi za wasanifu wa Uingereza zilitangaza hadharani kwamba kuna dharura ya tabianchi na zikaweka saini ahadi za pamoja. Je, tamko kama hilo lingetusaidia sisi, au ni jambo la nchi tajiri zilizoichafua hewa tangu zamani, nasi tuendelee kujenga kwanza?

Mzee wa Rula T (Dar es Salaam)

Marahaba, kijana wangu. Swali la kwanza nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu nimelikuta mezani kwangu katika kila kizazi cha wateja. La pili nawaachia wengine kwanza.

Unapozungumza na mteja usianze na dunia, anza na kiwanja chake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana liko juu mwaka mzima: mwezi Juni linakaa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho, na mwezi Desemba linakaa upande wa kusini, nyuzi 73 hivi. Jua lililo juu kiasi hicho linazuiwa na ukingo wa zege usiofika hata mita moja juu ya dirisha, na ndiyo sababu kuta za kaskazini na kusini hazijawahi kunipa shida. Shida iko mashariki na magharibi, hasa magharibi, kwa kuwa jua la saa kumi alasiri limeshuka kiasi cha kupita chini ya ukingo wowote na kumfikia karani mezani pake, wakati ambapo ukuta, lami na hewa ya nje vimeshapata joto la siku nzima. Kioo cha kawaida hupitisha zaidi ya robo tatu ya joto la jua linalokipiga. Kioo kinachoakisi hupunguza kiasi hicho, lakini kinachorudishwa kinamwangukia jirani na mtu anayetembea kwa miguu barabarani.

Kiwanja chako kimekwisha kuamua kwamba upande mrefu ni wa magharibi. Basi panga ngazi, lifti, vyoo, stoo na njia za mabomba na nyaya zikae upande huo, nyuma ya ukuta mzito wenye matundu madogo, na ofisi uzisogeze mashariki. Jua la asubuhi lina nguvu, lakini hewa bado haijachemka, na ikifika saa tano jua limeshapanda hadi mahali ambapo vizuizi vyako vinaweza kulimudu. Mteja hapotezi hata mita moja ya kupangisha, kwa kuwa ngazi na vyoo angevijenga hata hivyo. Kioo chake kinachong'aa mwachie mlango mkuu na upande mfupi unaotazama kaskazini au kusini, ambako kitaonekana na hakitamgharimu sana.

Kisha mwombe mhandisi wa mifumo ya majengo akukokotolee michoro yote miwili, ule wa mteja na wako, na matokeo yaandikwe kwa shilingi: bei ya mitambo ya kupozea, transfoma, jenereta na dizeli yake, na bili ya umeme ya miaka 10. Nimeona wateja wagumu wakibadili mawazo mbele ya ukurasa mmoja wa namna hiyo, watu ambao hotuba ya saa nzima kuhusu kuyeyuka kwa barafu isingewagusa. Lakini ufanye hivyo kabla ya picha ya kwanza ya rangi. Mteja akishaionyesha benki na kwa ndugu zake, huwezi tena kumtoa hapo.

Na akikwambia kwamba jengo lisilo la kioo si la kisasa, mpeleke Kariakoo. Soko Kuu alilolibuni marehemu Beda Amuli katika miaka ya 1970 lina paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokusanya maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi, huku pande zake zikiachia hewa ipite juu ya vichwa vya watu wengi wanaofanya biashara kwa wakati mmoja. Lilipoungua Julai 2021 lilikarabatiwa, halikubomolewa. Hadi leo sijaona jengo la kioo mjini hapa ambalo ningelipeleka mbele ya wanafunzi badala ya lile.

Mhandisi wa Mifumo (Nairobi)

Hamjambo nyote. Naunga mkono maelezo ya Mzee, nami naongeza tahadhari moja, kwa sababu najua jengo litakalotajwa muda si mrefu katika mazungumzo haya.

Kila anayetetea ubunifu unaojali tabianchi Afrika hutaja Eastgate ya Harare, iliyobuniwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996. Inastahili sifa hiyo. Usiku feni husukuma hewa baridi kupitia mashimo yaliyo ndani ya sakafu za zege, zege linapoa, na mchana linapokea joto la ofisi pasipo mitambo ya kawaida ya kupoza hewa. Lakini Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Dar es Salaam, Mombasa na Tanga hazina usiku huo. Mwezi Februari usiku haupoi vya kutosha na unyevu ni mwingi, kwa hiyo zege nene lililohifadhi joto litamrudishia mtu joto hilo usingizini. Pwani dawa ni kivuli, vyumba vyembamba vinavyopitisha upepo wa kaskazi na wa kusi kutoka ukuta hadi ukuta, na feni ya dari. Zege zito na hewa ya usiku tuachiwe sisi wa Nairobi, na wenzetu wa Arusha na Mbeya. Hapa Gigiri, jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa mwaka 2011 halitegemei viyoyozi katika ofisi zake: hewa inaingia madirishani, inapanda katika ua wa katikati na kutokea juu, na paa limefunikwa kwa paneli za jua.

Tusiisahau pia gesi iliyo ndani ya kiyoyozi. Gesi ya R-410A, ambayo imejaa katika viyoyozi vya mjini, kilo kwa kilo hupasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko hewa ukaa, na fundi anayefungua bomba bila kifaa cha kuikusanya anaiachia yote angani. Kila kiyoyozi ambacho mchoro wako umekifanya kisihitajike ni gesi ambayo haikuletwa nchini.

Mkadiriaji wa Arusha

Naomba niingie kwa upande wa vifaa, kwa sababu mazungumzo haya huishia kwenye umeme na kuisahau saruji.

Katika nchi ambayo umeme wake mwingi unatokana na maji, au kama Kenya na mvuke wake wa ardhini wa Olkaria, sehemu kubwa ya madhara ya jengo hutokea kabla ya taa ya kwanza kuwashwa. Saruji inachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa duniani. Zaidi ya nusu ya kiasi hicho haitoki kwenye makaa wala gesi ya tanuri, bali kwenye jiwe la chokaa lenyewe, ambalo likichomwa tanurini linaiachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kwa hiyo hata kiwanda kikibadili nishati ya tanuri lake, jiwe halibadiliki. Kinachosaidia ni kupunguza sehemu ya saruji inayotokana na jiwe hilo lililochomwa, na kupunguza zege lenyewe.

Hapa mbunifu ana nguvu kuliko anavyodhani. Kijana wetu, angalia umbali kati ya nguzo zako. Ukizipanga kwa mita 9 kwa ajili ya mwonekano tu, sakafu inanenepa, nondo zinaongezeka, na msingi unabeba uzito wote huo, wakati mita 6 zingewatosha wapangaji wa ofisi za kawaida. Hoji kila ghorofa ya maegesho inayochimbwa chini ya ardhi, maana katika udongo wa Dar es Salaam wenye maji karibu ndiko zege linakomezwa bila kuonekana na mtu. Kwa msingi na kuta nzito, mwombe mhandisi wa miundo akubali saruji yenye pozolana, yaani majivu ya volkano, ambayo nchi hii inayo katika maeneo ya Mbeya na hapa kaskazini. Saruji hiyo hukomaa taratibu, kwa hiyo nguvu ya zege ipimwe likiwa na siku 56 badala ya 28. Msingi wa ghorofa 10 haupokei uzito wake wote ndani ya mwezi mmoja, na sijaona sababu ya kuukimbiza. Haya yote yaandikwe kwenye maelezo ya kazi kabla ya zabuni, kwani mkandarasi hatayaleta mwenyewe.

Mbunifu Chipukizi (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana. Kuhamishia ngazi na vyoo magharibi ni jambo ninaloweza kulichora wiki hii, na ukurasa wa shilingi nitauomba kwa mhandisi wetu. Bado swali la tamko. Nikifaulu kwa mteja huyu, mteja wa ofisi ya jirani atajengewa kioo vilevile.

Msanifu wa Kigali

Umegusa penyewe. Tamko la Uingereza lilianzishwa Mei 2019 na ofisi 17 zilizowahi kushinda tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya usanifu majengo nchini humo, na mamia ya ofisi nyingine zikafuata. Lilikuwa na faida ya kweli: liliwapa vijana waliomo ndani ya ofisi hizo maandishi ya kumwonyesha bosi wao. Lakini Desemba 2020, baada ya mabishano kuhusu kubuni viwanja vya ndege, ofisi mbili mashuhuri, Foster + Partners na Zaha Hadid Architects, zilijiondoa, na hapakuwa na chombo cha kuwazuia. Ahadi ya hiari hudumu hadi siku inapokutana na kazi kubwa. Silidharau tamko, ila nasema lisiwe kituo cha mwisho.

Kwetu Rwanda, mwaka 2019 kanuni za ujenzi ziliongezewa mfumo wa masharti ya chini ya majengo ya kijani, na majengo makubwa yanapimwa kwa mfumo huo. Faida yake kubwa naiona mezani. Ninapomwambia mteja kwamba kuta zake zinahitaji kivuli, sionekani mwenye itikadi, na hawezi kunikimbia kwenda kwa mwenzangu, kwa sababu mwenzangu naye atamwambia hivyohivyo.

Kuhusu haki, ni kweli kwamba bara letu limechangia kidogo mno katika tatizo hili, na nchi zilizochangia sana zinapaswa kulipa. Hilo tuliseme kwa sauti. Lakini majengo mengi ambayo watoto wetu watafanyia kazi bado hayajajengwa, na tukiyajenga kwa kioo kinachotazama magharibi, atakayelipa umeme na kuvumilia joto ni wao. Wala sisi si watazamaji: makubaliano ya kupunguza gesi za viyoyozi alizozitaja Mhandisi yalifikiwa hapa Kigali Oktoba 2016. Na ukipita Gahanga utaona uwanja wa kriketi ambao mapaa yake ya matao yamejengwa kwa vigae vya udongo wa hapa uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa bila kuchomwa. Fundi wa kawaida alifundishwa, akajenga.

Mzee wa Rula T (Dar es Salaam)

Msanifu wa Kigali amelisema nililotaka kulisema. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kijana huyu hawezi kuachwa apambane na soko zima peke yake.

Ninachopendekeza tukipeleke kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha wabunifu majengo ni kidogo na kinapimika. Kila ombi la kibali cha ujenzi wa jengo la ghorofa linalopelekwa halmashauri liambatane na karatasi moja inayoonyesha uelekeo wa jengo, kiasi cha kioo kwa kila upande, na kivuli kinachoangukia kila dirisha saa sita mchana na saa kumi alasiri, mwezi Juni na mwezi Desemba. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuichora, na afisa wa halmashauri anaweza kuisoma bila kompyuta. Pamoja na hilo, tuiombe Bodi ya Usajili ya taaluma yetu iangalie upya ada ya mbunifu inayokokotolewa kwa asilimia ya gharama za ujenzi, kwa kuwa utaratibu huo unamwadhibu mbunifu aliyepunguza zege na viyoyozi kwa kazi nzuri. Mkadiriaji wa Arusha, wewe una hesabu za ada mikononi mwako. Niandikie aya hiyo ya pili, nami nitaiandika ya kwanza, tuzipeleke pamoja.