Mada: Binti anasema Jumamosi yuko mahakamani, nielekezeni jamani

Kutoka: Mama wa Buzuruga

Mwangaluka wana-Mwanza wote, mlioko huko mbali na tuliobaki huku, wakubwa shikamooni. Binti yangu alimfuata baba yake Minnesota, yuko darasa la kumi. Juzi ananitumia meseji "mama niombee, Jumamosi nina mahakama, mi ni shahidi wa mashtaka kesi ya mauaji" halafu kimya, kumbe kwao usiku kalala zake. Nyie! Presha ilipanda, jumuiya nzima tukaingia kwenye rozari, kesho yake ndo anacheka eti ni klabu ya shule. Na ana klabu nyingine ya wanafunzi kulea wenzao wageni. Sasa baba yake analalamika mtoto anachelewa kurudi, baridi kali, usafiri shida, anataka aache zote mbili akazane na hesabu. Mi niko huku sioni kitu, niseme nini? Zina maana hizi klabu au ni michezo tu?

Kutoka: Baba Mapacha, Brooklyn Park

Dada pole, ila nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Hiyo ni mahakama ya kuigiza na huku Minnesota wanaichukulia siriasi kuliko unavyofikiri. Chama cha mawakili cha jimbo kinaandaa kesi moja ya kutunga, jalada lenye maelezo ya mashahidi na vielelezo linatoka mapema, shule zote zinashindana na kesi hiyohiyo. Kwa kawaida kila upande unakuwa na mawakili watatu na mashahidi watatu, na timu inajiandaa pande zote mbili, yaani leo mnashtaki, raundi ijayo mnamtetea yuleyule mliyemsulubu asubuhi. Wanaokaa kwenye kiti cha hakimu na kutoa maksi ni majaji na mawakili wa kweli wanaojitolea. Na usishangae akikwambia "tumeshinda kesi lakini tumeshindwa mashindano", maana maksi ni za namna mtoto alivyosimama, alivyouliza, alivyojibu, hukumu ni kitu kingine. Bingwa wa jimbo anakwenda mashindano ya taifa mwezi wa tano, yapo tangu 1984.

Usafiri ndo kesi yenyewe. Mwambie shemeji aulize ofisi ya shule kama kuna basi la jioni la watoto wa klabu, shule nyingi zinalo ila hawakutangazii. Kama kuna ada ya klabu aulize msamaha wa ada, wenye kipato kidogo mara nyingi wanasamehewa. Asione aibu, si kuomba omba hiyo.

Kutoka: Wakili wa Kirumba

Mama wa Buzuruga, huyo mtoto mpe salamu zangu, taaluma inaita. Nimewahi kuwaona wanafunzi wa sheria pale SAUT Malimbe wakifanya mashindano ya namna hii, lakini hao ni watu wa chuo, sasa mtoto wa sekondari kusimama kusema "napinga Mheshimiwa, huo ni ushahidi wa kusikia", yaani shahidi kaambiwa tu na mtu mwingine! Huku kwetu mdahalo wa shule ni "sayansi ni bora kuliko sanaa", kila mwaka hiyohiyo, anayepiga kelele zaidi kashinda.

Mzizi wa sheria zenyewe haujatofautiana sana. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, ni ya 1967, kabla yake tulikuwa tunatumia ile ya India ya 1872 aliyoileta Mwingereza, na Mmarekani naye msingi wake ni hukohuko kwa Mwingereza. Kwahiyo katazo la ushahidi wa kusikia analijua, katazo la kumuuliza shahidi wako maswali ya kuongoza, yale yanayombebea jibu, analijua, ila kwenye maswali ya dodoso, ukimhoji shahidi wa upande wa pili, unaruhusiwa kuongoza. Tofauti kubwa ni kwamba sisi hatuna juri, yaani raia wanaokaa kuamua kesi, tuna wazee wa baraza kwenye baadhi ya kesi za Mahakama Kuu na maoni yao hayamfungi jaji.

Kwa nafasi ya shahidi ushauri wangu ni mmoja, ayajue maelezo yake ya kiapo nje ndani na asiongeze chumvi. Akianza kubuni kitu ambacho hakimo kwenye jalada, wakili wa upande wa pili atambana nacho hapohapo. Ushahidi ndo nafasi inayokula watu, hata huku kwetu, mtu anakuja kasimulia vizuri kabisa halafu anaulizwa "ulikuwa umbali gani" anaanza kutafuta jibu usoni kwa ndugu zake. Na Mama, ukitaka kuelewa anachofanya mwanao nenda siku moja kaketi nyuma Mahakama ya Mwanzo, kesi zinasikilizwa hadharani, huko Kiswahili ndo kinachotumika tangu zamani, na tangu 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama kwa ujumla, huhitaji mkalimani.

Kutoka: Mdogo wenu wa chuo, St. Paul

Shikamooni. Wote mnaongelea mahakama, ile klabu ya pili mmeiruka na kwa mtoto mgeni mi naona ndo ya kwanza. Shule niliyosoma huko nyumbani, siitaji, njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, alikuwa anafua soksi za kaka wa kidato cha nne na kubeba maji, ndo ulezi wenyewe huo. Huku shule nyingi zina mpango kama Link Crew, wanafunzi wa darasa la 11 na 12 wanapewa kikundi cha watoto wa darasa la 9, wanawazungusha shule kabla masomo hayajaanza, wanakaa nao mchana, wanawaonyesha ratiba inasomwaje na kabati linafunguliwaje. Kila shule na utaratibu wake, hata wa kumi unaweza kukuta wanachukuliwa. Mchana ule wa chakula nyie, hamjui, mtu umebeba sinia lako na hujui ukae meza ipi, hapo ndo watoto wetu wengi wanaishia kula chooni.

Lakini shemeji ajue na mipaka yake. Mlezi si kaunsela. Mwenzake akimwambia anataka kujidhuru au anapigwa nyumbani, anatakiwa aende kwa mtu mzima wa shule siku hiyohiyo hata kama ameahidi siri. Watoto wetu tumewalea kuficha ya nyumbani, hapo wanachanganyikiwa, kwahiyo aambiwe mapema.

Na kwa wale mnaowaza chuo, ile fomu ya Common App, ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, ina nafasi 10 tu za shughuli na kila moja herufi 150. Asijaze klabu kumi, mbili alizokaa nazo miaka mitatu zinamtosha.

Kutoka: Mama wa Buzuruga

Wabheja sana, nimewasomea mpaka bibi yake. Nimeongea na baba mtu, kakubali ziendelee zote mbili ila gredi ya hesabu ikishuka mahakama inaahirishwa. Sasa wameambiwa wavae suti. Nimepita mitumbani Mlango Mmoja nimeona moja ya kike, nyeusi, safi kabisa, nitumie? Na naweza kumwona kwa vidio?

Kutoka: Baba Mapacha, Brooklyn Park

Dada usitume! Nauli ya mzigo itazidi bei ya suti mara nyingi, na hiyo suti ya Mlango Mmoja inawezekana ilitoka hukuhuku. Mke wangu atampeleka duka la mitumba, viatu vya chini tu, asivae visigino atasimama muda mrefu. Vidio muulizeni kocha kwanza, wengine hawaruhusu kurekodi, na kesi ikianza hata sisi tuliokaa nyuma haturuhusiwi kumpa ishara yoyote. Wanaanza saa tatu asubuhi, huko kwenu saa kumi na mbili jioni. Natoka zamu ya usiku saa moja, nitampitia mimi, shemeji alale.