Naombeni ushauri: tarehe kwenye mti wa ukoo wa Shakespeare

Habari zenu wakuu. Naandaa mti wa ukoo wa William Shakespeare kwa Kiswahili, karatasi moja ya A3, na nimekwama kwenye tarehe.

Enzi hizo Uingereza mwaka wa kiserikali ulianza 25 Machi, si 1 Januari. Kwa hiyo watoto wake mapacha Hamnet na Judith, waliobatizwa 2 Februari, kwa hesabu ya wakati ule ni 1584, kwa yetu ni 1585. Dada yao mkubwa Susanna (alibatizwa 26 Mei 1583) hana shida. Nilijaribu kuandika 1584/85. Niliowaonyesha wakadhani hatujui mwaka. Nikaweka 1585 peke yake, anayelinganisha na kitabu cha ubatizo cha kanisa la Stratford, mji wa kwao, akaona nimekosea.

Kuna na ndoa ya Shakespeare mwenyewe. Daftari la askofu wa Worcester, 27 Novemba 1582, limeandika bibi harusi ni Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake hati ya dhamana ya ndoa hiyo inasema Anne Hathwey (yaani Hathaway, mkewe tunayemjua) wa Stratford. Kwangu mimi hilo ni kosa la karani tu, lakini wapo wanaodai walikuwa wanawake wawili.

Maswali yangu:

1. Niweke mwaka wa sasa kwenye kisanduku na ule wa zamani chini kwa maandishi madogo, au kuna njia iliyo safi zaidi?
2. Whateley aingie kwenye mchoro kwa mstari wa nukta, au abaki kwenye maelezo ya pembeni?

Natanguliza shukrani.